Kubadilisha boljointi za Toyota Fielder hapa Nakuru

Gari ikianza kugonga huko mbele ukipita matuta polepole, wengi wanakimbilia shoki. Tafadhali angalia boljointi kwanza, kile kiungo cha mpira wa chuma kinachounganisha gurudumu la mbele na amu ya chini (chuma inayolishika gurudumu kwa chini), na uanze na ile raba inayokifunika. Vumbi letu la Nakuru ni laini kama unga wa ngano, na sisi wa barabara za murram tunalijua vizuri, raba ikipasuka hata kidogo linaingia na mvua ikija maji yanafuata, grisi inaisha alafu chuma inaanza kusaga chuma. Ikifika hapo kupaka grisi juu juu ni kupoteza grisi.

Kupima ni rahisi. Piga jeki, weka stendi (sio mawe, na usiingie chini na jeki peke yake), gurudumu lining'inie. Fielder ile ya zamani springi inakaa kwa shoki, kwa hivyo boljointi ya chini haibebi uzito wa gari na ulegevu unaonekana tairi ikiwa hewani. Shika tairi juu na chini utikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki alafu utikise tena: mchezo ukipotea shida ni bearingi, ukibaki ni boljointi. Ikicheza kushoto kulia, anza na tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu.

Kutoa ndio kuna kazi. Boljointi imeshikwa kwa ile amu ya chini na bolti moja na nati mbili, spana 17, hizo na mafuta ya kulegeza kutu zinatoka. Shida ni ile nati ya juu yenye meno, nafasi ni ndogo kwa sababu shafti inayozungusha gurudumu iko hapo hapo. Toa pini inayoizuia isilegee, legeza nati lakini iache ishike nyuzi kadhaa ili amu isiruke ikiachia, alafu piga nyundo ubavuni mwa chuma iliyoibana, usipige nyuzi. Pale inakaa ni kama imekazwa na kabari, mshtuko wa pembeni ndio unaiachilia. Kurudisha, kama tundu la pini halijalingana na meno ya nati, kaza zaidi mpaka lilingane, usirudishe nyuma hata kidogo, na pini iwe mpya.

Sasa hii ya kupeleka boljointi ikachomelewe au ibanwe upya ndio uokoe pesa, mimi sikubaliani nayo kabisa. Ile mpira ya chuma ikichomoka ukiwa kwa mwendo, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena, na hapa barabara kuu yetu ni ya malori, ukishuka mteremko wa Salgaa uko katikati yao na familia iko nyuma. Nunua mpya, duka unaloamini, badilisha zote mbili kama ya pili nayo raba imepasuka.

Ukimaliza peleka gari alaimenti (kunyoosha magurudumu), na ukishaiendesha siku kadhaa rudi chini na spana uhakikishe zile nati mbili bado zimekaza.