Neno lilipokuwa linakwama kinywani mwa mwanangu

Mwanangu alianza kuongea mapema, na aliongea sana, mpaka baba yake akambandika jina la Redio. Alipokuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka mitatu, asubuhi moja akaniomba "ma-ma-ma-maji". Nikacheka nikidhani anacheza. Wiki mbili baadaye hakuna aliyekuwa anacheka. Mdomo ulifunguka, sauti ikagoma, macho akayafumba kwa nguvu na mguu akaupiga chini, kana kwamba neno lilikuwa limenasa huko kwenye kisigino.

Nilikosea karibu kila kitu. "Pole pole, baba." "Vuta pumzi kwanza." "Haya, anza upya." Nilimmalizia maneno nikijiona namsaidia. Dada yake wa miaka saba alikuwa amejiteua mkalimani: mdogo wake hajafika katikati, yeye keshajibu. Bibi yake akashikilia kwamba mtoto alishtushwa na kitu. Jirani akasema ni kutekenywa. Mimi nikajilaumu kimoyomoyo, maana nyumbani kulikuwa na kichanga, nikaamini wivu ndio uliomfunga ulimi.

Jioni moja alinijia mbio, uso umejaa habari. "Ki-ki-kiii..." Nikadakia: kiatu? Kikombe? Kijiko? Akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini. Kesho yake nikaanza kutafuta mtaalamu wa tiba ya usemi.

Huyo mama aliketi sakafuni akacheza naye vigari karibu nusu saa, ndipo akanigeukia. Lilianza lini? Linazidi au linapungua? Kwenye ukoo kuna mwenye kigugumizi? Baba yake akamkumbuka mjomba wake mmoja. Mtaalamu akatueleza kwamba kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, mtoto anapoanza kuunganisha sentensi. Kwamba hupitiwa na karibu mtoto 1 katika kila 20, na wengi wao, kama watatu katika kila wanne, huja kuacha. Wa kuangaliwa kwa karibu zaidi ni mvulana, mwenye ndugu wa damu mwenye hali hiyo, au ambaye hali imepita mwaka bila kupungua. Wetu alikuwa na mawili kati ya hayo. Kuhusu mshtuko, kutekenywa na wivu wangu wa kubuni, alitabasamu tu. Chanzo kiko katika namna ubongo unavyoratibu usemi, na kwa sehemu kubwa hurithiwa.

Kazi aliyonipa ilikuwa yangu, si ya mtoto. Nisimwambie apunguze kasi, nipunguze mimi. Akimaliza kusema, ninyamaze kidogo ndipo nijibu. Kila siku dakika tano za peke yetu, simu iko chumba kingine, mchezo anachagua yeye. Na nipunguze maswali. Hapo nilibisha, nikajirekodi tukicheza: maswali 23 ndani ya dakika tano! Hiyo rangi gani, hili linakwenda wapi, nani kakupa. Hata mimi ningegugumia. Nikaanza kusema tu ninachokiona, "gari lako limejaa mchanga", kisha nanyamaza, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyeendeleza.

Mezani tukaweka sheria kwamba anayeongea hakatizwi. Aliyeivunja sana hakuwa binti yangu bali baba mtu.

Kilichonipa shida zaidi ni uso wangu. Neno likikwama, nilikuwa nainamisha macho au nakunja kipaji, naye alikuwa anasoma yote. Nilikuwa nimeogopa hata kulitaja jambo lenyewe, nisije nikalikomaza. Siku aliposema, "Mama, neno linakataa," nikamjibu, "Nimeona, limekwama kidogo. Nakusikiliza." Mabega yakamshuka. Tangu hapo tuna jina la kitu hicho, na hakitishi sana.

Hakikuondoka kwa mstari ulionyooka. Wiki tatu anatiririka kama zamani, halafu akichoka au akifurahi kupita kiasi, kinarudi. Nilikuwa naandika kwenye daftari siku nzuri na siku mbaya, nikaacha nilipogundua kwamba nasikiliza mdomo na sisikii anachosema. Shule ya chekechea, mwalimu mmoja alimwambia mbele ya wenzake "sema vizuri". Nilikwenda tukazungumza, nikamwomba asimruke zamu yake wala asimharakishe, na nashukuru alinielewa.

Sasa ana miaka mitano na nusu. Kigugumizi kimepungua sana, hakijaisha, na kwa mtaalamu bado tunakwenda. Juzi nilimuuliza mambo ya shule, dada mtu akafungua mdomo kujibu kama kawaida yake. Mdogo wake akamwinulia kiganja.

"Ngo-ngo-ngoja. Sijamaliza."

Dada akanyamaza. Ilikuwa hadithi ya sisimizi waliobeba bawa la nzige, ndefu mno, na nusu yake alikuwa ameitunga.