Nilivyosanifu ukuta wa shimo ambao mashine ya handaki ingeukata

Ukuta wa shimo la kuanzia handaki hutakiwa kuzuia udongo na maji kwa miezi, halafu siku moja upishe mashine. Ukisukwa kwa nondo za chuma, chuma hujizungusha kwenye meno ya mashine. Mafundi hulazimika kushuka kuubomoa kwa mkono, udongo wa nyuma ukiwa wazi mbele yao. Sikutaka mtu yeyote asimame pale.

Kwa hiyo nilipopewa shimo la bomba la majitaka hapa Nairobi, eneo la kukatwa, tuliloliita dirisha, nililiwekea nondo za nyuzi za kioo. Ukizivuta hubeba mzigo kuliko chuma cha kawaida, ilhali meno ya mashine huzivunja vipande vidogo vinavyotoka pamoja na udongo.

Nguvu basi haikunipa shida. Shida ni kwamba nondo hizi hurefuka haraka zikivutwa: ukakamavu wake ni kama robo tu ya ule wa chuma, hivyo ukuta hupinda zaidi na nyufa hupanuka. Tena hazitoi onyo. Chuma huvutika kabla ya kukatika, hizi hukatika ghafla. Idadi ya nondo iliamuliwa na kupinda kwa ukuta, nazo ringi, zile zinazozunguka nondo ndefu, nikazibananisha kwa sababu nondo hizi ni dhaifu zikikatwa kwa upande.

Dirisha sikuweza kulihamisha, maana kina cha majitaka huamuliwa na mteremko. Juu tulikuwa na udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Chini, mawe ya volkeno.

"Injinia, hizi ringi tutazipindia wapi?" fundi wa nondo aliniuliza, mkono tayari kwenye meza ya kupindia.

"Hazipindwi hapa, mzee. Zimekuja zimeshapindwa kiwandani."

Hilo ndilo ningemsisitizia kijana yeyote anayeanza kazi hii. Kila kona iwe imekamilika kwenye mchoro kabla ya kuagiza, kwa kuwa gundi inayoshika nyuzi za kioo ikishakauka hakuna moto wala nyundo itakayosaidia. Kona yenyewe ina nguvu ndogo kuliko nondo iliyonyooka, nami niliihesabu hivyo.

Kunyanyua kizimba, yaani nondo zote zikiwa zimefungwa pamoja, kulinikosesha usingizi kuliko hesabu zote. Juu na chini ni chuma, katikati nyuzi za kioo zinazoyumba, na waya wa kufungia hauaminiki kwenye maungio hayo. Tuliyabana kwa klampu za U, tukaegemeza kizimba kizima kwenye fremu ya chuma kabla kreni haijakivuta, kisha fremu tukaiondoa kizimba kikishasimama wima.

Kwenye shimo la kupokelea, mashine inapotokea mwisho wa njia, nilipanua dirisha zaidi, kwani mashine hufika ikiwa imebeba makosa ya upimaji ya njia nzima, na nguzo za zege zinazounda ukuta nazo huwa hazikusimama wima kabisa.