Kipande kilichofichwa shingoni: nilivyokichunga kwa altrasaundi

Kipande cha tishu kilichopandikizwa mdomoni hujieleza chenyewe. Unatazama rangi yake, unakibonyeza kwa kidole uone damu inarudi upesi kiasi gani, ukishuku unakichoma sindano. Cha kooni hakikupi nafasi hiyo. Mgonjwa wangu alikuwa ameondolewa zoloto (kisanduku cha sauti) na koromeo kwa sababu ya saratani, na koo jipya likatengenezwa kwa ngozi ya paja iliyoviringishwa kama bomba. Bomba lote lilikuwa chini ya ngozi ya shingo. Uhai wa bomba hilo ulitegemea ateri moja inayoleta damu na vena moja inayoirudisha, zilizoshonwa chini ya hadubini.

Nilikuwa nimezoea Dopla ndogo ya mkononi, kifaa cha kusikiliza mwendo wa damu, ile ya sauti tu. Shingoni inadanganya: ateri ya karotidi iko jirani kabisa, nayo itaendelea kudunda vizuri hata kama kipande kinakufa. Ndiyo maana safari hii niliomba kutumia altrasaundi ya Dopla yenye rangi, inayoonyesha kwenye skrini damu inapopita. Kabla mgonjwa hajatoka thieta tulitia alama ya wino kwenye ngozi, pale mishipa inapopita, nikapiga picha ya kwanza na kuihifadhi. Picha ile ilinifaa kuliko kitu kingine chochote.

Mara ya kwanza wodini nilikosea. Vena ni laini. Ukiikandamiza kidogo tu inajifunga, na skrini inaonyesha hakuna damu inayopita. Nilimwamsha daktari bingwa bure. Akanionyesha: jeli nyingi, mkono mwepesi, na kipimo cha kasi ukishushe, kwa sababu damu ya vena inakwenda polepole. Kuanzia hapo nilipima kila baada ya saa 4, maana damu huganda zaidi katika saa 72 za mwanzo.

Usiku wa pili, saa nane, ateri ilisikika vizuri sana. Ila wimbi lake lilikuwa limebadilika: damu ilisukumwa mbele kwa kila pigo, kisha ikarudi nyuma moyo ulipolegea. Vena sikuiona, hata nilipoinua mkono mpaka kifaa kikawa kinaelea juu ya jeli. Nililinganisha na picha ya kwanza. Damu ilikuwa inaingia na haina pa kutokea.

“Daktari, ateri ipo, vena haipo, na damu inarudi nyuma.”

“Mwandaeni. Nakuja.”

Thieta walikuta damu imeganda ndani ya vena. Wakaiondoa, wakashona upya, na kipande kikarudisha rangi. Safari hii mrija wa kupumulia tuliushona kwenye ngozi, tukaacha kamba za kuzunguka shingo, zisije zikaibana vena ile. Niliendelea kupima vilevile, na wauguzi wawili wa zamu wakajifunza kuisoma skrini pamoja nami.

Siku ya 12 alimezeshwa dawa ya eksirei, haikuvuja popote. Jioni ile alikunywa maji, kijiko kimoja kimoja, kwa koo lake jipya.