Safu Zilizooza: Nilivyozinasa Data Mbovu za OMI

Ushauri wa kwanza niliopewa kuhusu data za OMI, chombo cha setilaiti kinachopima gesi hewani, ulikuwa huu: "Pakua zote, piga wastani, makosa yatafutana yenyewe." Aliyeutoa alikuwa na uhakika kweli kweli, na mwenzake akatikisa kichwa kumuunga mkono. Makosa hufutana pale yanapokuja kwa bahati nasibu, hili likivuta juu na lile chini. Kosa la kifaa huvuta upande uleule kila siku, na ukilipigia wastani wa miaka mingi unachofanya ni kulikomaza.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: mfululizo mrefu wa nitrojeni dayoksaidi, gesi ya moshi wa magari na viwanda, hewani, tangu data zilipoanza Oktoba 2004. Chombo chenyewe ni OMI, kilichobebwa na setilaiti ya Aura iliyorushwa Julai 2004. Kinatazama chini kwa upana wa kilomita 2,600, na upana huo umegawanywa safu 60. Safu za katikati zinaona vipande vya ardhi vya kilomita 13 kwa 24; za pembeni vipande vyake vinatanuka mno, ndiyo maana mimi za mwisho mwisho kila upande sizigusi hata zikiwa nzima.

Kupakua sielezi, kila mtu anajua. Tenga diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, maana mafaili ni mengi kuliko unavyodhani, na tenga wiki kadhaa za subira. Kuwa na mtandao wa kuaminika usiku kulinisaidia.

Wastani wangu wa kwanza ulitoka hasi, tena hasi yenye tarakimu zinazojaza skrini. Hapo nilicheka. Mahali ambapo hakuna kipimo, faili linajazwa namba ya kuziba pengo, nayo ni 2 ikipandishwa kipeo cha 100 kisha ikatiwa alama ya hasi, yaani kama -1.27 mara 10 kipeo cha 30. Vipimo halisi vya gesi hii vinacheza kwenye molekuli 10 kipeo cha 15 kwa kila sentimita ya mraba. Pengo moja likipenya kwenye hesabu linameza kila kitu. Lakini kosa la namna hii ni rafiki, kwa sababu linapiga kelele. Ondoa namba zote zinazoshuka chini kupita kiasi, maliza, endelea.

Yasiyopiga kelele ndiyo yaliyonila muda.

Ushauri wa pili ulisema nitupe kila thamani iliyo mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu mitatu (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika). Nikaupa nafasi ya haki kabisa. Nikaandika programu, nikaiacha ikazunguka usiku kucha, asubuhi nikaangalia ilichotupa. Ilikuwa imetupa siku za moshi mzito! Imetupa vilele halisi juu ya miji mikubwa, yaani habari yenyewe niliyokuwa naitafuta. Na data mbovu je? Zimeketi palepale kwa utulivu, kwa sababu thamani zake ni za kawaida tu. Nikabana kichujio hadi mikengeuko miwili, kikatupa miji zaidi. Nikalegeza hadi minne, miji ikarudi na ubovu ukabaki. Nilicheza na namba hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, si kwa kuwa niliiamini, bali kwa kuwa nilitaka niwe na grafu ya kumwonyesha aliyenishauri. Ninayo mpaka leo.

Ujanja uliofungua mlango ni huu, na naujivunia: niliacha kuangalia ramani. Watu wote wanatazama data za setilaiti kama ramani, na kwenye ramani kosa la OMI linajificha vizuri, kwa kuwa setilaiti inasogea na safu ileile haipiti mahali palepale kila siku. Katika miaka ninayoizungumzia, Aura ilikuwa inarudia njia yake baada ya siku 16. Kwa hiyo ndani ya siku 16 kila safu imeshaona bahari, jangwa na msitu, karibu sawa na jirani zake. Basi panga kwa safu. Nilichora picha ambayo upande wa wima ni namba ya safu na upande wa ulalo ni tarehe, na ndani yake nikatia kiasi cha mawingu, juu ya bahari tu. Kwa nini mawingu? Kwa sababu wingu halijui linatazamwa na safu ya ngapi. Kama safu ya 38 inaona mawingu machache kuliko ya 35 na ya 50 wiki baada ya wiki, kasoro iko kwenye chombo.

Picha ya kwanza haikuwa safi. Pembe ya kutazama inabadilisha mambo, na mng'ao wa jua juu ya maji unainua safu za upande mmoja. Hapo nikafanya jambo la pili: kila safu niliilinganisha na safu hiyohiyo ya mwaka 2005, majira yaleyale, wakati chombo kilikuwa kizima. Yote ya kudumu yakajifuta. Kilichobaki kilikuwa doa jembamba kwenye safu za 53 na 54 likianza Juni 2007, kisha mkanda safu za 37 hadi 42 kuanzia Mei 2008, halafu Januari 2009 mkanda ukatanuka ghafla na kufunika 27 hadi 44. Nilitoka kwenye kiti nikaita watu waje waone. Hawakuelewa nashangilia nini, ila walipongeza.

Baadaye nikasoma hati za wataalamu wa chombo. Tarehe zao ni hizohizo: 25 Juni 2007, 11 Mei 2008, 24 Januari 2009. Wanaamini kipande cha blanketi la kukinga joto kimelegea upande wa nje na kuziba sehemu ya dirisha la kutazamia. Kinapunguza mwanga wa kutoka ardhini, na pia kinaakisi mwanga wa jua usiotakiwa hadi ndani ya chombo, hasa kwenye sehemu ya kaskazini ya mzunguko. Ndiyo maana safu moja inaweza kuwa na hali mbili ndani ya mzunguko mmoja, na ndiyo maana orodha ya safu peke yake haitoshi.

Utaniuliza kwa nini sikuanza na hati. Kwa sababu niliyemuuliza alinipa orodha yake ya safu mbili tu na kusema "tatizo ni hizo, nyingine nzima". Orodha ya 2007 anaigawa kama ya leo. Tena mwingine alinitumia orodha yenye safu 54 na 55. Yeye alihesabu kuanzia 1, hati zinahesabu kuanzia 0. Ukipewa orodha ya safu, swali la kwanza ni hilo.

Ndani ya mafaili kuna alama za ubora za safu, na hizo ndizo za kutegemea. Picha yangu ilinisaidia kuzihakiki. Ni namba moja iliyobeba mambo kadhaa kwenye biti zake, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazoiunda ndani ya kompyuta. Biti tatu za mwanzo zinasema hali: 0 ni safi, 1 ni imeathirika usitumie, 2 imeguswa kidogo, tumia kwa tahadhari. Biti za juu zinataja sababu: kuzibwa, mwanga wa kupotea, kuhama kwa urefu wa mawimbi ya mwanga. Mimi nachukua 0 tu. Kuna alama nyingine ya kipimo chenyewe cha gesi, na hapo watu wanatupa data nzima bure: hawaruhusu kitu ila 0, wakati kinachotakiwa ni namba iwe shufwa, yaani biti ya kwanza iwe 0. Zilizobaki ni maelezo tu. Baada ya hapo naondoa penye mawingu mengi na penye jua lililoinama sana.

Usifute chochote. Nina daftari, faili la kawaida tu, lenye mzunguko, safu, tarehe na sababu. Data asilia zimekaa kama zilivyokuja. Siku ukibadili mawazo kuhusu alama ya 2 utanikumbuka.

Sasa lile lililokaribia kuharibu kazi yote, ambalo hakuna mshauri aliyelitaja. Ukitupa safu mbovu kuanzia 2009 na kuziacha safu zote 60 za 2005, umelinganisha vitu viwili tofauti. Miaka hiyo setilaiti ilikuwa inapita mchana, kama saa saba na dakika 45 kwenye ikweta, lakini upana ni mkubwa kiasi kwamba safu za ukingo mmoja na za ukingo wa pili zinapishana karibu saa moja na nusu kwa saa za jua. Gesi hii hubadilika kadiri mchana unavyosonga. Ukiondoa safu za katikati, mstari wako unapanda au kushuka bila hewa kubadilika hata kidogo. Dawa inauma: tupa safu zilezile miaka yote, hata ile ya afya. Nilibaki na safu ya 5 hadi ya 23, nikapoteza data nzuri nyingi za mwanzoni, na mfululizo wangu ukawa na kelele zaidi. Aliyenishauri nipige wastani wa zote aliniambia grafu yake ni laini kuliko yangu. Ni kweli, ni laini, na inaruka Januari 2009.