Maktaba yangu ya KiCad: diodi moja, siku nne

Imekubali jamani. Leo jioni relei, ile swichi inayovutwa na koili ya umeme, imegonga tak, tak, na transista iko baridi kabisa. Siku nne zimeliwa na diodi moja ya 1N4007, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, tena ndani ya maktaba ya KiCad (programu ya kuchora saketi na bodi zake) niliyoipanga kwa mikono yangu mwenyewe.

Mnajua nilikuwa nahamishia alama (michoro ya vijenzi kwenye saketi) na futiprinti (pedi zao kwenye bodi) zangu zote sehemu moja, maana zilitapakaa kwenye kila projekti na kila moja ina kinakala chake. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni alama ya diodi niliyoidaunlodi zamani, ambayo pini 1 ni anodi (umeme unapoingilia) na 2 ni kathodi (unapotokea), wakati futiprinti za KiCad pedi 1 ni kathodi. Na programu haijui diodi ni mdudu gani, yenyewe inalinganisha namba tu, 1 kwa 1, 2 kwa 2, kwa hiyo ukaguzi wote unapita kijani na wewe unatabasamu kama mjinga. Kwenye bodi sasa diodi ya kulinda transista imelala kinyume, sambamba na koili, transista ikiwaka tu umeme wote unapita kwenye diodi, koili inaambulia kama volti 0.7, relei kimya, kidole kinaungua.

Nikafungua faili ya .kicad_sym inayobeba alama za maktaba, nikageuza namba, nikasevu. Nikarudi kwenye bodi, bado. Nikafunga programu nikafungua tena, bado. Nikawasha upya kompyuta, ndiyo, nilifika huko. Bado! Nilikuwa nimesahau kwamba tangu toleo la 6 skimatiki, yaani mchoro wa saketi, inabeba nakala yake ya kila alama uliyoiweka, kwa hiyo unaweza kurekebisha maktaba mpaka kesho na mchoro hauna habari. Lazima uiambie iapdeti alama kutoka maktaba, halafu ubonyeze F8 upeleke kwenye bodi.

Nikafanya hivyo. IKAWA KINYUME TENA.

Hapo nilitoka nje kidogo. Niliporudi nikabofya pedi 1, inatakiwa isome +12V, inasoma waya wa kolekta, mguu wa transista. Kumbe siku ya pili, kwa hasira, nilikuwa nimeizungusha diodi kwenye mchoro ili bodi itoke sawa, nikasahau. Kosa moja lilikuwa linafuta lingine, na nilipotibu la kwanza la pili likabaki peke yake linanichekea. Kilichoniokoa ni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili; faili zote hizi ni maandishi matupu kwa hiyo unaona mstari kwa mstari ulichogusa, na pale palikuwa na badiliko la usiku wa manane lenye ujumbe "sawa sasa". Sawa wapi.

Ndiyo maana siwezi kurudi kwenye programu zinazofungia maktaba ndani ya faili usiyoweza kuisoma. Na alama za kudaunlodi nimeachana nazo, nyingine hata pini hazikai kwenye gridi ya 1.27 mm, unavuta waya unaona umegusa kumbe haujagusa. Kuchora alama mwenyewe ni dakika kumi tu.

Leo nilipanga kumaliza viunganishi na kuondoa zile njia ndefu za modeli za 3D zinazoanza na C:, ambazo kwenye laptopu ya Linux zinaniachia bodi yenye pedi tupu. Sijagusa hata kimoja. Nimeandika skripti ya Python inayopita kwenye maktaba nzima, ikikuta pini inaitwa K (kathodi) lakini namba yake si 1 inapiga kelele. Imenikamatia tatu nyingine, moja LED ambayo nilishawahi kuilaumu kwamba ni mbovu na nikaing'oa kwenye bodi.

Sasa nataka ikague na transista na hapo nimekwama, maana 2N3904 ukiitazama upande bapa miguu ikiwa chini ni E B C (emita, besi, kolekta), na BC547 yenye umbo lile lile la nje, TO-92, ni C B E, kwa hiyo jina la futiprinti haliniambii kitu. Naona itabidi kila transista iwe na alama yake yenye namba zake, hakuna alama ya jumla ya NPN, aina ya transista hizi. Nimeshafuta ile ya jumla, na kwenye projekti sita ukaguzi sasa unalalamika kwamba hauioni kwenye maktaba.