Mwezi upi?

Jana alasiri nilikuwa nimekaa barazani, miguu peku, napepeta mchele. Mzee wa nyumba ya tatu akapita akielekea msikitini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bado uko likizo tu?"

Nikacheka, na yeye akacheka, akaenda zake. Likizo yangu ina miezi minane sasa. Mzee anajua fika kwamba niliacha kazi Dar na kwamba nafanya kazi hapa hapa Bagamoyo, nusu siku. Ila kwake mwanaume mwenye afya aliyekaa barazani saa tisa mchana, tena na ungo mkononi, hana jina lingine. Ama yuko likizo, ama anaumwa, ama kaachishwa. Kanichagulia lililo na heshima kuliko yote, na namshukuru.

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la jumla la vipuri, Kariakoo. Naishi Magomeni, hii ya Bagamoyo, si ile ya Dar. Saa kumi na nusu alfajiri nakuwa stendi, nasubiri basi la Makumbusho, halafu pale napanda daladala nyingine ya mjini. Kilomita zenyewe si nyingi. Kinachomaliza mtu ni foleni za Bunju, Tegeta na Mwenge. Kwenda na kurudi, siku nzuri, saa tano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kazi ya kawaida kwa wiki, na tajiri wangu hakuwahi kuzidisha, kwa hilo simsemi. Lakini saa tano mara siku sita ni saa 30 nyingine, na hizo hazina tajiri wala sheria. Nilikuwa nazitoa bure kwa dereva.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Nafikiri tangu mwaka ule watu wa huku hatujaacha kuifuata Dar kila alfajiri.

Kilichoniondoa si uchovu. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ndiye aliyekuwa anakaa na watoto, na mwaka jana akaolewa Morogoro. Mke wangu anakaanga samaki, yuko pwani tangu alfajiri. Tukawa na watoto wawili wanaojifungia mlango wenyewe kwenda shule na kujifungulia wenyewe wakirudi. Kisha nikasikia nyumba ya wageni moja ya hapa karibu na ufukwe inataka mtu wa vitabu vya hesabu, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kwa baiskeli ni dakika kumi.

Nikafanya mahesabu, ndiyo kazi yangu. Kariakoo mshahara ulikuwa 700,000. Toa 70,000 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, toa 42,000 ya kodi, mkononi 588,000. Huku wakasema 380,000. Toa 38,000 ya NSSF. Na kwa kuwa kodi haigusi 270,000 ya kwanza, na asilimia 8 inaangukia kipande kidogo tu kilichobaki, inakatwa 5,760. Mkononi 336,240. Kwa hiyo ninachopoteza si 320,000, ni 251,760. Sasa mabasi, daladala, chai na sahani ya mchana kule Kariakoo ilikuwa 9,000 kwa siku, mara siku 26 ni 234,000. Pengo lililobaki ni 17,760 kwa mwezi. Nikamwonyesha mke wangu karatasi. Nilikuwa nimeipigia mistari miwili chini, kama mizania.

Akaitazama, akasema, "Haya." Basi.

Mwezi wa kwanza tulifika. Wa pili tukafika tunachechemea. Wa tatu, tarehe 20, sukari imeisha, mkaa umeisha, na dukani kwa Mangi daftari la madeni limehamia ukurasa wa pili. Nikaichukua ile karatasi nikaikagua kama ninavyokagua hesabu za mtu ninayemshuku. Hapakuwa na kosa la kujumlisha. Makosa yalikuwa ya kutoandika.

La kwanza, lile sahani la mchana. Nililifuta kana kwamba mtu akiacha kazi Dar anaacha na kula. Nakula nyumbani, tena nakula vizuri, na watoto wakinikuta nyumbani wanakula mara mbili. La pili, hela ya soda. Kariakoo wateja wa mikoani nilikuwa nawafungia mizigo na kuipeleka kwenye mabasi yao, wananiachia buku mbili, buku tatu. Sikuwahi kuziandika popote kwa sababu sikuwahi kufika nazo nyumbani. Ziliishia kwenye vocha na karanga za foleni ya Tegeta. Kumbe nazo zilikuwa mshahara. La tatu ni kuonekana. Mtu anayeondoka usiku na kurudi usiku hapitiwi na daftari la mchango. Sasa nipo. Msiba, harusi, maulidi, mtoto wa jirani kavunjika mkono, wote wanapitia kwangu kwanza kwa kuwa mlango wangu uko wazi. Sisemi kwa ubaya, na mimi siku yangu itafika. Ila kwenye karatasi haikuwepo.

Halafu ikaja masika. Wageni wakapungua, wenye nyumba wakanilipa nusu, nusu nyingine ikaja wiki tatu baadaye. Na sijasema habari ya NSSF: zamani kwa mwezi ilikuwa inaingia 140,000, yangu na ya tajiri, sasa ni 76,000. Uzee wangu nao umekatwa mshahara.

Katika hali hiyo ndipo nikaanza kumfuata mke wangu pwani. Nilijiambia naenda kumbebea ndoo. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka kujua tunakulaje, maana kwa hesabu zangu tulitakiwa tuwe tumekwisha lala njaa wiki moja na nusu.

Soko la samaki la hapa liko mchangani kabisa. Kunapambazuka, ngalawa na mashua ziko kwenye maji ya magoti, vijana wanashusha matenga, na dalali keshaanza kunadi. Samaki wanamwagwa juu ya turubai, vibua siku hiyo, wanameta. Mke wangu hakusema kitu. Aliinama, akafunua shavu la kibua mmoja kwa kidole gumba kuona wekundu, akambonyeza tumbo, akasimama nyuma ya wenzake kama hana haja. Dalali anaita ishirini na sita, ishirini na nane. Mimi, kwa kuzoea bei za Kariakoo, nikasema kwa sauti, "Ah, mbona rahisi hivi!"

Dalali akageuka. "Shemeji kasema rahisi. Thelathini na mbili!"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tuliwanunua kwa thelathini na mbili, na njia nzima ya kwenda kwenye karai mke wangu hakunisemesha.

Nilikaa naye hadi saa yangu ya kazi ilipokaribia. Jioni nikamuuliza matumizi ya siku, nikayaandika: samaki 32,000, mafuta 6,000, kuni 2,000. Mauzo 51,000. Faida 11,000, na katika hiyo 2,000 imekwenda kwenye upatu wa wakaangaji. Yeye hakuandika chochote. Ana khanga yenye mapindo mawili yaliyofungwa. Pindo la kulia ni mtaji, la kushoto ni la nyumbani. La kulia halifunguliwi ila pwani. Nimeona mtoto akililia nauli ya shule mbele ya pindo lile lililotuna, na mama yake akaenda kukopa kwa jirani. Wakati ule niliona ni ukatili. Mtaji ukiliwa mara moja, kesho yake hakuna cha kukaanga, na keshokutwa hakuna cha kumlipa jirani.

Nikamuuliza lile swali ambalo mtu wa hesabu lazima aulize: "Sasa kwa mwezi unapata kiasi gani?"

Akaniangalia kweli, hakuwa anatania.

"Mwezi upi?"

"Mwezi. Mwezi tu."

"Wa giza au wa mbalamwezi?"

Nimezaliwa hapa, nayajua haya kama ninavyojua jina langu, lakini sikuwahi kuyatia kwenye hesabu. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza samaki huifuata taa ya mvuvi. Mwezi ukipevuka bahari yote inakuwa na taa, samaki hawana sababu ya kujikusanya, na boti nyingi zinalala. Kwa hiyo katika kila siku 29 au 30 ana siku za neema na ana siku ambazo ndoo moja ya vibua inanadiwa bei ya ndoo mbili. Kusi likivuma kwa nguvu mambo yanazidi kuwa magumu, vyombo vidogo havitoki. Siku za giza anakausha dagaa na kuwaweka. Siku za mbalamwezi tunakula wale, na yeye anakaanga mihogo badala ya samaki. Miaka yote ile nikidhani dagaa mchuzi ni mapenzi ya mke wangu, kumbe ni kalenda.

Na mimi kwa miaka sita nilikuwa nikifika tarehe 30 na bahasha, naigawa, naona nimelisha nyumba. Nilikuwa nimelisha wiki mbili. Zile nyingine zilikuwa zinatoka pindo la kushoto, wala hakuna aliyenijulisha kwa sababu usiku nikifika chakula kiko mezani.

Tatizo letu la mwezi wa tatu, nililigundua nikiwa na kalenda ukutani na kalamu nyekundu: mshahara wangu ulikuwa umekuja siku chache baada ya mwezi kuandama, yaani pale pale alipokuwa na samaki wa kutosha. Tukala vizuri sana siku kumi. Mshahara ukaisha wakati mbalamwezi inaanza. Kariakoo bahasha ilikuwa kubwa kiasi kwamba mgongano huo haukuonekana. Sasa bahasha ni ndogo, unaonekana.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba ya wageni nikamwomba anilipe mara mbili, tarehe 15 na tarehe 30. Sikumweleza habari za mwezi wa angani, angeniona nimechanganyikiwa. Nilisema "kwa sababu za kifamilia". Alikubali, maana kwake pia ni nafuu kutoa kidogo kidogo. Haimalizi tatizo, tarehe za serikali na mwezi wa Mungu hazitembei pamoja, kila mara zinapishana siku moja au mbili. Lakini malipo mawili hayawezi yote kuangukia gizani.

Kazi yenyewe naipenda, nisidanganye. Waongoza watalii wanaleta wageni, na kila siku namsikia mmoja wao akieleza jina la mji huu, kwamba wapagazi wa misafara wakifika hapa walibwaga moyo. Naendelea kuandika risiti za maji ya chupa. Mimi mzigo wangu niliubwaga stendi ya Makumbusho, na bado sijui kama nilichobeba sasa ni chepesi. Ni kingine tu. Kuna siku saa nane mchana nafundisha hesabu za kugawanya mtoto wa darasa la nne na nafsi imetulia. Kuna siku naona basi la Dar linapita nusu tupu na naihesabu ile 588,000 tena, noti kwa noti.

Leo ni tarehe 12. Jioni nilikwenda kuangalia Luku, mita yetu ya umeme, zimebaki uniti nne. Tokeni ya kwanza ya mwezi huwa wanakata na 1,500 ya kodi ya jengo, kwa hiyo tulizonunua mwanzoni zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia, kama kila mwezi, na kila mwezi nashangaa upya. Tumezima taa za ndani, tumetandika mkeka uani. Mwezi uko juu ya mnazi wa jirani, mpevu, mkubwa kama sinia, na uani kunaonekana kila kitu: karai limefunikwa, kuni zimepangwa, kesho hakuna pwani. Watoto wanamenya mihogo.

Nilimwambia mama yao zimebaki siku tatu tu nilipwe, na kwamba tungeweza kuchukua elfu tano pindo la kulia tununue umeme, nirudishe tarehe 15 asubuhi na mapema.

Hakunyanyua hata kichwa. "Kwani wewe huoni hapo ulipo?"

Naona. Hata haya ninayaandika kwa mwanga wake.