Rent Ikizidi Kuwa Mbaya

Katika Biblia ya King James, ile ya Kiingereza ya mwaka 1611, Marko 2:21 inaonya kwamba ukishonea kitambaa kipya kwenye vazi kuukuu, "the rent is made worse". Mpangaji yeyote wa Kampala akisikia hivyo ataitikia amina. Kumbe hapo hapazungumzwi kodi ya nyumba. Ni pale nguo ilipotatuka.

Ni maneno mawili yasiyo na undugu. Rent ya kulipa ilitoka Kifaransa cha zamani. Rent ya nguo ni ya Kiingereza chenyewe, imetokana na rend, yaani kurarua. Na tusiwacheke Waingereza: pango letu ni kodi ya nyumba, tena ni makao ya popo. Niliwahi kupanga muzigo, yaani chumba kimoja, huko Kisenyi hapa Kampala, maana zote mbili zikatimia.

Mimi ni fundi cherehani, na mstari ule naukubali kabisa. Pamba mpya ikifuliwa hunywea. Kiraka kinajivuta, kinavuta na kitambaa kilichochoka pembeni, na tundu la kidole linakuwa la ngumi. Ndiyo maana chini ya cherehani nina gunia la mabaki: mapindo ya suruali, mifuko ya ndani, bitana za makoti ya mitumba kutoka soko la Owino. Vyote vimekwisha kufuliwa mara nyingi, havina ukaidi tena. Kiraka nakikata kikubwa kuliko tundu ili uzi ushike penye nguvu, na pembe zake naziviringa, maana pembe kali ndizo huanza kubanduka. Wateja hulalamikia rangi. Rangi nitaitoa wapi?

Ninakopanga sasa, bati linavuja. Mwenye nyumba ametia lami juu ya kutu, ikabanduka kwa mvua ya kwanza. Badala ya bati jipya akaleta bei mpya: kutoka shilingi 150,000 kwa mwezi hadi 200,000. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 haimruhusu kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, wala kunitoa bila amri ya mahakama. Nikamwandikia 165,000 kwenye karatasi ya vipimo. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Bado tunabishana.